Barua ya Kunishitaki, kwa Mwandiko Wangu

Siku nilipoondoka Uvira, Kongo, baba yangu mdogo alinitabiria mambo matatu mbele ya watu. Kwamba sitafika Afrika Kusini. Kwamba nikifika, nitalinda magari ya watu mpaka nizeeke. Na kwamba mtu kama mimi hawezi kuendesha hata banda la kuku. Shangazi zangu walicheka zaidi hilo la kuku. Mimi nilikuwa na diploma ya utawala, yenye muhuri, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya shati. 

La kwanza nililikanusha kwa kufika. La pili lilikuwa kweli kwa miaka miwili, na miaka hiyo siisimulii sana. La tatu ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu sasa nimerudi Uvira, nimejenga nyumba ya mawe, na baba mdogo huja kwangu kila Jumapili kula samaki bila kutaja kuku.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilipanga nyumba nzima mtaa wa Overport, Durban, kutoka kwa bibi mmoja aliyehamia Queensburgh kwa mwanawe. Bibi alitaka mambo mawili: kodi ifike kwa wakati, na mawaridi yake yamwagiliwe. Nilipangisha vyumba kwa watu wetu wa Kongo, na tukawa watu kumi na watatu. Wakati huohuo nilikuwa mwandishi wa barua wa mtaa mzima. Barua ya shule, ya hospitali, ya ofisi ya wakimbizi, zote zilipita kwenye meza yangu ya jikoni. Sikutoza kitu. Malipo yangu yalikuwa kuitwa Diplome.

Jioni moja alikuja mpangaji wa chumba cha nyuma, dada wa Fizi, jirani na Uvira, aliyesuka nywele saluni. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Kaka, niandikie barua."

"Ya kwenda wapi?"

"Manispaa. Iko meza pale ya kusaidia wapangaji. Wameniambia niandike malalamiko."

"Vizuri. Unamlalamikia nani?"

"Wewe."

Nilishusha kalamu. Yeye hakuona ajabu yoyote. Mtaani hapakuwa na mwingine wa kuandika Kiingereza cha ofisi, sasa angekwenda kwa nani?

"Chumba yangu haiko na dirisha," alisema. "Nikizaa, mtoto atapumua nini? Nimekuambia mara tatu, unaniambia utaona. Basi na wao waone."

Nilikasirika, nakiri. Lakini alipoanza kuniambia maneno ya kuandika, hasira ilinitoka na uandishi ukanishika. Alisema, "Chumba haina dirisha." Nilimwambia hiyo ni sentensi ya mtoto wa darasa la pili. Niliandika kwamba chumba kimenyimwa kila njia ya hewa na nuru, na kwamba mwenye kupangisha ameonyesha uzembe wa makusudi. Nilipomsomea kwa Kiswahili, aliinua mkono.

"Hiyo ya watu kumi na watatu, mimi sikusema."

"Barua isiyo na hesabu haina nguvu, dada."

"Na hii ya nyaya za umeme bafuni?"

"Si ziko?"

"Ziko," alisema, akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akaweka sahihi.

Mkaguzi alifika baada ya siku tisa, Mzulu mnene mwenye futi ya chuma kiunoni na barua yangu mkononi. Alipima vyumba vyote kimoja kimoja. Kisha akauliza ni nani aliyeandika barua ile, maana tangu aanze kazi hajaona malalamiko yaliyopangwa vizuri namna hiyo.

Ningeweza kunyamaza. "Mimi," nilisema.

"Na mwenye kupangisha ni nani?"

"Mimi."

"Eish, bhuti," alisema, akiniita kaka kwa Kizulu, akakaa kwenye ngazi. Alicheka mpaka akafuta macho kwa barua. Alipomaliza alinipa siku thelathini. Nyumba ile inatosha watu wanane. Nyaya zirekebishwe, dirisha lipatikane, nami nitapata leseni ya kupangisha. La sivyo nyumba itafungwa, na wote kumi na watatu tutakuwa kando ya barabara na magodoro yetu.

Habari ilinitangulia mtaani. "Diplome amejifunga mwenyewe!" alipiga kelele mwenye duka la simu. "Hata polisi hawakuhitajika!" Mchungaji wetu alitikisa kichwa akasema elimu nyingi ina mambo yake. Mama mwenye saluni aliuliza kama naweza kumwandikia mume wake barua ya kujitaliki mwenyewe.

Lakini watu wetu wanakucheka huku wakikubebea mzigo. Nilikopa kwao kitu ambacho sijasikia mtu mwingine akikopa: nafasi ya kulaza watu. Mchungaji alichukua wawili, mama wa saluni wawili, na mwenye duka la simu mmoja, ambaye alikuwa yule dada wa chumba cha nyuma. Sharti lilikuwa moja kwa wote: mkaguzi akibisha kwao, nami nitawapokea wa kwao. Tulipeana mikono kama wauza ng'ombe.

Nyaya nilirekebisha. Dirisha, nitasema ukweli, niliahirisha. Niliona mawaridi ya bibi nje ya ukuta ule, nikaona vumbi, nikaona kazi. Badala yake nilinunua pazia zuri la maua nikalitundika ukutani. Asubuhi ya ukaguzi, dada aliondoka na mfuko wake kwenda kukaa dukani.

Mkaguzi alihesabu watu wanane. Aliridhika na bafu. Alifika chumba cha nyuma, akasifu pazia, akalivuta. Ukuta ulimtazama.

"Dirisha liko wapi?"

"Liko njiani," nilisema.

Hakucheka safari hii. Alitaka kumwona aliyeweka sahihi kwenye malalamiko, kwa sababu mpangaji aliyelalamika hafukuzwi, na ikiwa nimemfukuza, leseni nisahau. Nilimpeleka dukani. Dada alikuwa amekaa kati ya maboksi ya chaja, miguu imevimba, ameiweka juu ya kreti ya soda.

"Amekufukuza?" mkaguzi aliuliza kwa Kiingereza, nami ndiye niliyetafsiri.

Neno moja lingetosha kunimaliza. Dada alinitazama kwanza.

"Mwambie sijafukuzwa. Nimeazimwa. Na mwambie miguu inauma."

Nilitafsiri yote, hata miguu. Mkaguzi alipiga magoti, akaitazama ile miguu, kisha akanigeukia. "Wiki mbili," alisema. "Dirisha la kweli. Na huyu awe ndani."

Kesho yake nilianza kuvunja ukuta kwa nyundo na patasi. Diploma ya utawala haifundishi ujenzi, lakini mimi sikuhitaji kufundishwa. Mawaridi mawili yalikufa. Bibi niliwahi kumwambia kwa simu kwamba yamepatwa na ugonjwa. Siku ya kumi na mbili, dirisha likawa dirisha, na leseni ikatundikwa ukumbini, ndani ya fremu, pembeni mwa diploma.

Watano walikuwa bado kwa watu, maana dada aliporudi ndani, mwingine alikwenda dukani badala yake. Na kwa kuwa nyumba zote za mtaa zilikuwa na wapangaji, na wapangaji wote walikuja kwangu na malalamiko, niliandika. Niliandika dhidi ya mchungaji. Niliandika dhidi ya mama wa saluni, yeye mwenyewe akinisahihisha idadi ya vitanda. Mkaguzi akabisha kila mlango, na kila aliyenikopesha akaja kudai.

Sikuwa na pa kuwaweka. Leseni yangu ilisema wanane. Ndipo nilipofanya jambo ambalo baba mdogo bado haliamini: nilipanga nyumba ya pili, kubwa zaidi, mtaa huohuo, nikaomba leseni kabla ya kuingiza hata kijiko. Jumamosi moja magodoro yalipanda kilima juu ya vichwa. Wawili wangu walitoka kwa mchungaji na wawili wake nyuma yao. Wangu waliokuwa saluni na dukani walifuata, pamoja na wa mama wa saluni na shemeji wa mwenye duka, aliyepiga mluzi njia nzima. Kufikia saa kumi sikuwa na deni la mtu.

Nilibaki na mmoja. Nilikwenda chumba cha nyuma. Dada alikuwa amesimama dirishani na mtoto wa wiki tatu.

"Dada, na wewe nimekulipa?"

Alilisukuma dirisha. Likakwama katikati, kama kila siku.

"Halifungi, kaka. Upepo unamwingia mtoto. Chukua kalamu."

Nilikaa kitandani nikaandika, kurasa mbili.