Mwalimu Pima na Pampu ya Wanafunzi Wake

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Pima. Nyumbani tunamwita hivyo pia, ila kwa kumchokoza. Ukisema chai haina sukari, atakuuliza, "Umepima?" Ukisema mtoto ana homa, kabla hujamaliza kusema kashafika na kipimajoto. Mimi ni fundi cherehani, utepe haunitoki shingoni kutwa nzima, na bado mwanamke huyu ana ujasiri wa kuniuliza mimi kama nimepima. Ni mdogo wa mume wangu, kwa hiyo ni wifi yangu, na wifi ana ruhusa ya kukusema atakavyo. Ruhusa hiyo ninayo na mimi. Leo namsema.

Nilipoolewa nilimkuta msichana mwembamba wa sekondari mwenye ugonjwa mmoja: kila kitu chenye skrubu alitaka kukifungua. Mama mkwe alikuwa akificha redio juu ya kabati kama wenzake wanavyoficha sukari. Siku moja pasi ya umeme ilifunguliwa na kufungwa tena, ikabaki skrubu moja mezani, na pasi ikafanya kazi vilevile. Mama mkwe aliitazama ile skrubu, akasema hiyo ndiyo adabu iliyompungua binti yake. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka, alikuwa anafikiria skrubu ilikuwa ya wapi.

Sasa mtu kama huyo ungedhani mtihani wa fizikia wa vitendo ungekuwa mteremko kwake. Haukuwa. Shule yao ilikuwa na kifaa kimoja tu cha kupimia umeme, kimefungiwa kabatini kwa kufuli kisije kikaharibika. Miaka yote waliona picha yake ubaoni. Alijua jina la kila sehemu. Siku ya mtihani kikawekwa mbele yake, kizima, kinang'aa, na mikono yake ikagoma. Aliogopa kukivunja. Muda ukaisha hajaunganisha hata waya mmoja.

"Nilijua kukichora, wifi," aliniambia siku ile, macho yamevimba. "Sikujua kukishika."

Karatasi nyingine alifaulu vizuri, akasoma, akawa mwalimu wa hiyohiyo fizikia. Akapangiwa shule ya sekondari iliyo karibu na kwetu, akahamia chumba chetu cha uani. Jioni ya kwanza alirudi kazini kanuna. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Wana kabati. Lina kufuli."

Basi hapo ndipo vita vilipoanza. Mwisho wa jengo la madarasa kulikuwa na chumba kikubwa chenye madirisha mazuri, kimejaa madawati mabovu yaliyopandana mpaka darini. Wifi alikitaka kiwe karakana, watoto wa watu washike vitu kwa mikono yao. Mkuu wa shule ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini ugonjwa wake yeye ni usafi. Anapenda shule ing'ae. Alimjibu kwa upole, "Mwalimu, mtihani hauulizi mtoto amechafuka kiasi gani."

Wifi hakukata tamaa. Akasikia kuna chama cha wahandisi wastaafu chenye mfuko wa kusaidia miradi ya sayansi na uhandisi mashuleni. Akawaomba vifaa, na akavitaja vyote kama mtu anayeagiza mahitaji ya harusi. Wakamkatalia. Walisema hawanunui vitu vya kwenda kufungiwa kabatini, na wakamuuliza swali moja tu: wanafunzi wako watatengeneza nini? Alikasirika siku nzima, akafua hadi mapazia yaliyokuwa safi. Jioni akaja kukaa karibu na cherehani yangu, akaanza kucheka peke yake.

"Wifi, wameniuliza swali nililopaswa kujiuliza mimi mwenyewe," akasema.

Kesho yake akalipeleka swali hilo darasani. Watoto hawakuhitaji kufikiri sana. Kila asubuhi kabla ya masomo walikuwa wakipanda mlima na ndoo, kutoka kisima cha bondeni mpaka tangi la jikoni, wanaingia darasani wameloa viatu. Wakasema, tutatengeneza pampu ya umeme wa jua. Chama kikakubali, lakini fedha ingetolewa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la pampu, paneli na zana za kuanzia. La pili, la kuifanya karakana iwe karakana kweli kwa wanafunzi wote, lingetoka baada ya wahandisi kuja kuona kwa macho yao kazi ya wanafunzi inafanya kazi. Mkuu naye akaweka sharti lake: chumba nakuazima, fungu la pili lisipokuja madawati yanarudi. Na madawati hayakwenda mbali. Yalipangwa nje, ukutani, yanachungulia dirishani.

Nilikwenda kuwapima watoto aproni za kazi, ndipo nikaona jinsi anavyofundisha. Nilidhani ningemkuta ameshika bisibisi anaonyesha. Wapi! Alikuwa anatembea kati ya meza, mikono ameifunga mgongoni kama mtu anayekagua shamba la jirani. Mtoto anamwita, "Mwalimu, hii haiwaki." Yeye anauliza, "Umepima wapi?" Mtoto anaonyesha. "Na baada ya hapo?" Basi. Anaondoka. Mara wakaunguza waya, harufu ikafika ofisini, Mkuu akaja mbio na ndoo ya mchanga. Wifi akawaambia wanafunzi waandike kwa nini waya uliungua. Nilimwambia wewe una roho ngumu. Akaniambia hiyo mikono anaifunga kwa sababu inamwasha.

Na walitengeneza, wallahi. Msichana mmoja mrefu, wenzake wanamwita Kapteni, ndiye aliyekuja na ufundi wa tangi. Walichukua dumu tupu la mafuta likawa boya, wakalifunga kwenye fimbo ya chuma inayotokeza juu kupitia tundu kwenye mfuniko. Maji yakijaa boya linapanda, fimbo inapanda, inasukuma swichi, pampu inazima yenyewe. Maji yakipungua fimbo inashuka, pampu inawaka. Ukisimama chini unaitazama fimbo tu, unajua tangi lina hali gani. Mpishi wa shule, ambaye hapendi mtu, aliipenda.

Siku ya wahandisi ikakaribia, na Mkuu akapandwa na ugonjwa wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akamleta fundi rangi. Mwishoni mwa wiki shule ikapakwa kuta, ikapakwa lango, yakapakwa mawe ya njiani na mapipa ya taka. Paka wa jikoni alinusurika kwa mbio zake mwenyewe. Wageni walipofika asubuhi shule ilikuwa inanukia rangi na kung'aa kama bibi harusi, na tangi la jikoni, la kijani kibichi, liling'aa kuliko vyote.

Wazazi tulialikwa, na mimi nilijikalisha mbele. Nani angenizuia, aproni zote zile ni zangu. Wageni walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima, mhandisi mstaafu, miwani inaning'inia kifuani. Akasikiliza maelezo ya Kapteni mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, mwanangu, nipe maji."

Kapteni akafungua bomba. Likakohoa, likatoa tone moja, likanyamaza. Pampu bondeni nayo kimya.

Nilimtazama wifi. Alikuwa amesimama pembeni ya umati, mikono mgongoni, anatazama juu, kisha akatazama chini. Hakusogea.

Mkuu akamsogelea, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mwalimu, fanya kitu!"

"Mafundi wapo, Mkuu," wifi akajibu. "Wako kazini."

Nilitamani kumfinya. Jamani, mwanamke, chumba kinaondoka hicho! Miaka yote ile ya kuomba, na wewe umesimama kama nguzo! Lakini wale watoto hawakumtazama hata yeye. Kijana mwembamba waliyemwita Msumari alikuwa ameshachukua kipimo cha umeme anakimbilia kwenye paneli.

"Umeme wa jua upo!" akapiga kelele.

"Umepima?" wenzake wote wakamuuliza kwa pamoja, na wazazi tukacheka bila kutaka. Alikuwa amepima. Wakapima waya wa kuteremka bondeni, mzima. Wakairuka swichi, wakaunganisha pampu moja kwa moja, na pampu ikanguruma vizuri kabisa. Maji yakaanza kusikika yakipanda kwenye bomba.

"Basi! Iacheni hivyohivyo!" Mkuu akasema, jasho limemtoka. "Si maji yanakuja?"

Kapteni akaukata tena ule umeme. Akageuka, akasema kwa heshima zote, "Samahani, Mkuu. Tukiiacha hivi, tangi likijaa haitasimama. Itamwaga maji mpaka jikoni."

Mama mhandisi akavaa miwani yake. Kapteni akarudi nyuma hatua kadhaa, akaliangalia tangi zima, chini mpaka juu, kama ninavyoangalia mimi gauni linalokataa kukaa begani.

"Fimbo iko juu," akasema taratibu. "Fimbo inasema tangi limejaa. Bomba linasema limekauka. Mmoja wao mwongo."

Akapanda ngazi mwenyewe. Alipofika juu akaishika ile fimbo, haikutikisika. Akakwangua kwa ukucha, akatuonyesha kidole. Kijani kibichi.

Nyuma ya umati fundi rangi akajishika kichwa. "Mungu wangu! Niliivuta juu nipake na chini yake," akasema. "Nilitaka ipendeze yote!" Na kweli alikuwa amefanya kazi safi. Aliipaka fimbo kotekote, rangi ikakaukia kwenye tundu la mfuniko ikaing'ang'aniza pale juu, kisha akafungua bomba akamaliza maji yote akisafishia brashi zake. Pampu masikini ilikuwa inatii tu. Iliambiwa tangi limejaa, ikapumzika. Kizuri hakikosi ila. Hakuna aliyemgombeza, maana hata Mkuu mwenye rangi yake alikuwa anatazama viatu.

Msumari akamrushia Kapteni bisibisi. Akakwangua tundu, akasukuma, na fimbo ikashuka yote kwa mkupuo. Bondeni pampu ikawaka yenyewe. Tukasubiri mpaka maji yakasikika yakianguka ndani ya tangi tupu. Nilipiga kelele ambazo mwanamke wa umri wangu hapaswi kupiga.

Mama mhandisi akaenda bombani, akanawa mikono, akajipangusa kwa leso yake. "Nimekagua shule nyingi," akasema. "Kila ninapofika mashine inawaka, ninapigiwa makofi, ninaondoka. Sijui kama wiki ijayo inawaka. Ya hapa nimeiona imekufa, na nimewaona walioiunda wakiifufua." Kisha akamgeukia Mkuu. "Fungu la pili mtalipata. Na hicho chumba kisiguswe."

Mkuu, nampa haki yake, alipiga makofi kuliko wote. Tulipopangwa kupigwa picha na wageni, wanafunzi hawakuwapo kwenye mstari. Walikuwa juu ya tangi wanabishana jinsi ya kulipanua lile tundu ili fimbo isikwame tena.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na wifi, jua bado liko juu. Mimi nilikuwa nasema, yeye anatikisa kichwa tu. Nilimwambia yule Kapteni ana akili ya ajabu, kuiona ile fimbo.

"Aliiona vizuri," wifi akasema. "Mimi niliiona bomba lilipokohoa."

Nilisimama katikati ya njia. "Ulijua?"

"Fimbo juu, bomba kavu. Ingekuwa nini kingine?"

"Ulijua muda wote ule, na chumba kinakuponyoka, na Mkuu anakulilia sikioni, ukanyamaza?"

"Wifi, ningesema mimi, ingekuwa pampu yangu." Ndipo nikaona machozi yanamtiririka, na hajui hata kuyafuta. "Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Mara mbili nilifungua mdomo."

Nina watoto wanne na nawapenda wote, lakini siku ile, pale njiani, sikuwa na mtu wa kujivunia duniani zaidi ya huyu mdogo wa mume wangu. Nilimwambia hivyo, waziwazi, bila utani wowote. Akaniuliza nimepimaje. Nikamshika mkono tukaendelea kwenda polepole mpaka nyumbani.