O Yenye Kona

Juzi nilipita mtaa wa Kashaulili nikakuta ubao nilioandika jina la duka la nguo umeng'olewa. Mahali pake wametundika bango la plastiki, herufi laini kama za kila duka mtaani. Sikulia. Niliuomba ule ubao, nikaubeba kichwani hadi nyumbani, Majengo.

Ngoja nikueleze ulikotoka. Miaka ya tisini, baba na mama walipokwisha kufariki, mkubwa nilikuwa mimi. Niliacha shule darasa la sita, tukabaki kwa bibi, mimi na wadogo zangu watatu. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Asubuhi nyumba ilinuka ukindu uliochemshwa na rangi ya zambarau, uji wa mtama ukitokota pembeni. Kuchana ukindu ilikuwa kazi yangu. Nilipotaka kusuka ua la mviringo, bibi alinikatalia: ukindu hauzungushwi, unapandishwa ngazi. Hesabu, panda, geuka.

Kisha akaja baba mkubwa. Akasema nisipopata kazi kabla ya mavuno kuisha, atatugawa kwa ndugu, mmoja mmoja. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi.

Wakati huo mwenye lile duka la nguo alikuwa akitafuta mtu wa kumwandikia ubao. Nikamwambia naweza. Sikuwahi kushika brashi. Nilijaribu kuiga herufi za kwenye katoni ya sabuni, zile za mviringo zikatoka kama viazi. Nikazifuta zote. Nikaanza upya kwa mkono niliokuwa nao: hesabu, panda, geuka. Kila herufi ikapanda ngazi, nyeusi na zambarau.

Mzee mwenye duka alipouona ubao alicheka hadi akashika meza.

"Binti, umeona wapi O yenye kona?"

"Kwenye mkeka wako wa kuswalia, mzee."

Akageuka kuutazama. Ulikuwa wa bibi, aliununua kwetu. Kisha akasema majirani watamcheka.

"Wacheke. Wakicheka watakuwa wameliona duka."

Akautundika ubao. Walicheka kweli, na kabla ya mavuno kuisha wenye maduka wengine wawili walikuwa wameniita. Baba mkubwa alirudi akatukuta wote wanne tukikoroga rangi. Alikunywa uji, akaondoka peke yake.

Sasa bibi hayupo, yule mzee hayupo, na hakuna anayeleta ukindu mlangoni. Mdogo wangu wa mwisho anachora kwa kompyuta. Ananiambia siku hizi kuna watu wanasomea kubuni herufi zisizofanana na za wengine, na wanaulizana zimetoka wapi. Zangu zimetoka sakafuni kwa bibi. Jana alizipiga picha ubaoni, akaniomba ruhusa aziingize kwenye kompyuta, azilainishe kidogo ili watu wazizoee.

Nimemwambia azichukue zote. Kona za O asiziguse.