Fundi wa Karo

Kila karo, yaani kigae cha sakafu, anayoilaza, fundi huyu huigonga kwa nyundo ya mpira huku ametega sikio. Mlio ukionyesha kwamba chini yake kuna uwazi, huibandua na kuilaza upya bila kunung'unika. Mugisho, anayemchanganyia saruji, amezoea kumwona akiligonga vilevile goti lake la kulia, kwa kifundo cha kidole, na kulisikiliza. Daktari alishamweleza: ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti umechanika, na kipande chake kikijikunja katikati, mguu unakwama. Apumzike, aimarishe paja kwa mazoezi, asichuchumae. Goti likizidi kukwama, apasuliwe. "Nisichuchumae?" fundi aliuliza. "Sasa mi nitapanga karo ku dari?"

Leo, katika bafu la jumba moja la mtaa wa Kinindo, amerudi nyuma kwa magoti, kama kawaida yake, mpaka mlangoni. Hapo goti likakwama. Mugisho akamnyooshea mkono. Fundi akatikisa kichwa. Jasho lilimdondoka kwenye karo safi, akalifuta kwa kiganja. Likadondoka tena, akafuta tena.

Jioni mwenye nyumba akatokea kwenye korido. "Ona mutu mwenye anapenda kazi!" akacheka. "Hata kusimama anisalimie, apana!"

"Nitasimama nikimaliza, Madame," fundi akajibu kwa upole, akaokota nyundo na kuanza kugonga.

Mugisho akainamisha macho. Karo ya mwisho ilikuwa imelazwa tangu adhuhuri, na saruji yake ilishaanza kukauka.