Teke la Shotgani na Kwaya ya Jumapili

Kuna kanisa moja pale Majengo ambalo mpaka leo nikilipita nainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha kitu, na si unyenyekevu, ni aibu tu, na kwa kuwa wengi wenu mmeipata habari hii vipande vipande (huyu anasema nilikuwa nimelewa, yule anasema nilipandisha mashetani mbele ya madhabahu), acha niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa. Mtacheka, najua, chekeni tu, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa dereva kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, ile ya porini huko kusini mwa Mpanda, na Jumapili nikiwa nyumbani Katumba nilikuwa mwalimu wa kwaya, kazi mbili ambazo ungedhani haziwezi kukutana hata zikitafutana. Mama yangu niliishi naye. Yeye aliingia nchi hii akiwa msichana, kwa miguu, akitokea Burundi, na sisi watoto wake tumezaliwa hapa na kusoma hapa, lakini neno bunduki nyumbani kwetu lilikuwa halitamkwi. Alijua naendesha gari. Kwamba mwaka ule nilishaanza pia kusafisha silaha za wageni na kuzibeba, hilo sikumwambia, na yeye hakuuliza.

Mkubwa wetu kambini alikuwa Bwana Kasonso, Mpimbwe mmoja mpole, mwindaji mwenye leseni, mtu ambaye hata akikukaripia unaweza kudhani anakusalimia. Alikuwa ameniambia kwamba akiridhika nami atanifanya msaidizi wake, niwe natembea na wageni badala ya kuwasubiri kwenye gari, na mimi nilikuwa nalitaka jambo hilo kwa moyo wote, mpaka nilishaanza kutembea kama yeye, mikono nyuma.

Sasa siku hiyo ya Jumamosi walikuwepo wageni wanne waliokuja kuwinda kanga na kwale, na kabla ya kuingia porini Bwana Kasonso huwa anawapa mazoezi ya kulenga visahani vya udongo. Kuna mtambo wa springi unavirusha angani, unapiga, kikivunjika unapigiwa makofi. Silaha ya mazoezi ilikuwa shotgani ya nusu otomatiki, nzuri, nyeusi, niliyoifuta mafuta mwenyewe asubuhi ile. Miongoni mwa wageni alikuwepo mama mmoja mwembamba, nywele nyeupe kabisa, ambaye bega lake la kulia liliwahi kuvunjika, na alikuwa na wasiwasi. Bwana Kasonso alikuwa ameenda kuweka sawa ule mtambo wa kurushia, basi yule mama akanigeukia mimi, kwa Kiingereza cha taratibu ili nielewe, akauliza kama bunduki hii inapiga sana bega.

Hapo ndipo yote yalipoanzia, jamani, maana nilikuwa na jibu zuri kabisa la kumwambia, kwamba sijui, mama, ngoja mwenyewe aje. Mimi nikajibu. Nikamweleza kama fundi, kwamba shotgani za kawaida zinapiga teke kwa sababu nguvu yote ya baruti inarudi begani kwa mkupuo, lakini hii ya nusu otomatiki sehemu ya ile nguvu inatumika kusukuma mtambo wake wa ndani, kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, kwa hiyo kinachofika begani ni kidogo na kinafika polepole, kama kuegemewa na mtoto. (Hayo yote nilikuwa nimeyasikia kwa Bwana Kasonso akiwaambia wengine, na si uongo, ndivyo ilivyo. Ila yeye huwa ana maneno mengine anayoyaongeza, ambayo mimi siyasikii kwa kuwa huwa nimeshaenda kuwasha gari.) Nikamalizia kwa kumwambia, "Hii haiumi, mama."

Akaniangalia kidogo, halafu akasema basi nimwoneshe.

Ningeweza bado kujinasua, mdomo ulikuwa wangu, lakini wageni wote wanne walikuwa wamegeuka, na Bwana Kasonso kule mbali akaona nimeinua silaha akadhani namwonesha mtu namna ya kuishika. Nikaweka risasi mbili. Zilikuwepo za aina mbili pale mezani, nyepesi za mazoezi na nzito za kuwindia bata, na kwa macho yangu zote zilikuwa nyekundu, basi nikachukua zilizokuwa karibu. Nikaishika bunduki ile kilegelege, kwa adabu, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake, kitako sikukibana kwenye bega, kilikaa huku kwenye msuli wa mkono, na kati yake na mwili wangu kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Sikurushiwa hata kisahani. Nikalenga mawingu, nikavuta.

Siwezi kuwaeleza sauti kwa sababu sikuisikia, nilichosikia ni kama nyati amenipiga kichwa kwenye mkono, kitako kikanigonga pale, kikapanda kikanipasua mdomo, na kidole changu kwa woga kikakaza badala ya kuachia, na kwa kuwa silaha ilikuwa imeshajipakia yenyewe (si nilisema mwenyewe inajipakia) risasi ya pili ikalia nikiwa naelekea chini. Ikaenda juu, namshukuru Mungu, ikachana majani ya mti. Mimi nikakaa chini kwa makalio katikati ya wageni, bunduki mapajani, majani yananidondokea kichwani.

Bwana Kasonso alikuja anatembea, hakukimbia. Akaichukua silaha taratibu, akaikagua kama iko tupu, akaokota ganda moja akalisoma, la risasi nzito ya bata, akalitia mfukoni. Hakunikaripia mbele yao. Alinisogelea tu sikioni akasema, "Huyu mama ndiye angeweka bega lake hapo."

Nawaambia ukweli, mkono ulikuwa unawaka moto, mdomo unatoka damu, lakini maneno hayo ndiyo yaliyoniumiza. Yule mama mgeni akanipa leso yake nijifute, akasema nimemjibu swali lake vizuri kuliko nilivyokusudia, hakusema kwa ubaya, na hakuigusa shotgani siku ile.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, lakini kesho yake kulikuwa na tamasha la kwaya pale Majengo, kwaya za sharika mbalimbali, watu mpaka nje madirishani, na kwaya yetu ya Katumba ilikuwa imefanya mazoezi kwa miezi. Usiku nilirudi nyumbani, na asubuhi nikaamka mkono wa kulia haupandi. Nikivaa shati nalivaa kwa machozi. Mdomo umevimba, nikamwambia mama nimegongwa na mlango wa gari, na yeye akanitazama akasema haya, akatangulia kanisani kukaa mstari wa mbele.

Sasa nyie mnaojua kwaya mtanielewa. Wimbo wetu ulikuwa unaanza na wanaume, wale wa sauti nene, na siku zote mkono wangu wa kulia ndio unaowaingiza wao, wa kushoto unawaingiza wanawake. Nikasimama mbele, kinanda kikalia, nikauinua mkono uliokuwa unakubali, yaani wa kushoto, na wanawake wakaingia. Waliingia kwa nguvu zote kama nilivyowafundisha. Wanaume wakaona wameachwa wakaingia na wao kwa kuwakimbiza, mpiga kinanda akageuka kunitazama, na kwa muda kidogo tukaimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Nikawasimamisha. Nikasema moyoni liwalo na liwe, nikaurusha mkono wa kulia juu kwa nguvu, na maumivu yaliyonipata pale nikapiga kelele "Yesu wangu" na kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wangu kabisa. Kanisa zima likaitikia Amina. Kuna wazee walisimama wakadhani ndio ubeti. Kwaya yangu ikaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu safu nzima, wakashikana mabega, na mchungaji akatushukuru kwa utumishi wetu akaita kwaya inayofuata.

Nilipogeuka kukaa nikakutana na macho ya mama. Yeye alikuwa hacheki.

Nyumbani alichemsha maji kwanza. Akaniambia nivue shati. Nikavua kwa shida, na pale juu ya mkono lilikuwepo doa jeusi, kingo zake zimenyooka kabisa, kitako cha bunduki kilivyo, na nikaanza ile hadithi ya mlango wa gari, akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Alama hii naijua, mwana wanje," alisema, hivyo ndivyo anavyoniita akiwa na uchungu, mwanangu kwa Kirundi. "Mjomba wako alikuwa nayo. Wapiganaji kule kwetu walimpa bunduki hajawahi hata kuishika, akarudi nyumbani jioni na alama hii hii. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, mimi mwenyewe, vidole vyangu vidogo. Kesho yake wakaja kumchukua tena."

Huyo mjomba nilikuwa simjui hata kwa jina. Akanitajia jina lake mchana ule, huku anakamua kitambaa, ananikanda, anachovya tena, na mimi mwanaume mzima niliyejua kufafanua baruti inavyorudi nyuma nikawa nalia kama mtoto, na si kwa sababu ya mkono.

Nikamweleza yote, kambi, kusafisha silaha, yule mama mgeni na bega lake. Nikamwambia nitaiacha kazi. Akakikamua kitambaa, akakianika.

"Kazi ni ya kwako," akasema mwishoni. "Ila usimwambie tena mtu kwamba haiumi."

Jumatatu nilimfuata Bwana Kasonso nikamwambia aniache kwenye gari mpaka atakapoona nimejifunza kweli, na akanifundisha, kwa risasi nyepesi, wiki baada ya wiki, namna ya kuibana bunduki kwenye shimo la bega, kuegemea mbele, kulaza shavu kwenye kitako. Ikibanwa vizuri ni kweli inasukuma tu. Lakini inasukuma, ndugu zangu, kila mara, na kila mara namkumbuka mtu ambaye sikumjua. Kwaya waliniondoa kwa upole, sasa naimba sauti ya nne, safu ya nyuma. Nimejiapiza jambo moja, na mnishuhudie: kitu ambacho sijakibeba kwa mwili wangu mwenyewe, uzito wake nitamwachia mwingine ausimulie.