Ng'ombe Asiye na Nundu

Mwaka juzi ng'ombe mtamba wa mama alikufa nyumbani Mwamapalala kwa sababu simu yangu, hapa Bariadi, ilikuwa imeisha chaji. Mama hajui kusoma, na mimi ndiye niliyekuwa namwitia bwana mifugo. Kwa hiyo ofisi yetu ilipopata kazi ya kutengeneza programu ya simu ya kumwita bwana mifugo, nilitaka iwe ile ambayo mama ataitumia bila mimi.

Nilichora kurasa zake kwa mkono wiki tatu, nikifuta na kurudia. Mwenzangu wa meza ya jirani akaiandikia akili mnemba mistari miwili tu, na kabla chai yake haijapoa kurasa zake zilikuwa tayari. Zilipendeza. Niliumia, sitaficha. Tukakubaliana twende kwa mama, yeye akaamue.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma. Alikuwa anapepeta mtama. Akajifuta mikono, akapokea simu, nami nikamsomea swali la kwanza la mashine: una ng'ombe wangapi? Akanirudishia simu.

"Mtu haulizwi hivyo, mwanangu. Hata wewe hujawahi kuniuliza."

Ni kweli. Kwetu idadi ya ng'ombe haitajwi ovyo. Ng'ombe hutajwa kwa rangi yake. Nilifurahi kwa roho mbaya kabisa, maana ukurasa wangu ulianza na rangi, kila moja na picha yake. Nikamwonyesha kwa mbwembwe.

"Huyu ng'ombe wa nani?" aliuliza. "Mbona hana nundu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi niliyekulia zizini nilikuwa nimechora ng'ombe wa maziwa wa kwenye kalenda, na mashine, isiyowahi kukanyaga samadi, ilikuwa imeweka wenye nundu. Tena vitufe vyangu vilikuwa vidogo. Kidole gumba cha mama, kilichokomazwa na jembe, kilibonyeza viwili pamoja. Mwenzangu alicheka mpaka nami nikacheka.

Tukachukua rangi zangu, tukachukua nundu na vitufe vya mashine. Maandishi tukayaondoa, tukamrekodi mama akisema kila kitu kwa Kisukuma.

Mwezi jana nilikwenda kumsalimia nikakuta ndama mmoja ameshachomwa sindano, na bwana mifugo ameshaondoka. Nikamuuliza mama, kwa hasira kidogo, mbona hakunipigia.

"Kwani wewe ni bwana mifugo?" akasema, akaendelea kupepeta.