Pembe Zinazoelekeana

Naikumbuka siku moja, mwanangu, wala si ya zamani: ni Jumatatu iliyopita. Wewe hujazaliwa, na mimi bado nipo kidato cha pili. Lakini ya moyoni siwezi kumwambia mtu usoni, basi nakuandikia wewe humu daftarini, kama Bibi anavyonisemesha mimi.

Mwalimu alikuwa anatafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda Maramba kwenye mashindano ya hisabati. Nafasi ile niliitaka hadi nikaiota. Akachora rombasi ubaoni, akaikata kwa ulalo mmoja, akaandika nyuzi thelathini na tano kati ya ulalo na upande. "Pembe zote nne ni ngapi?" Jibu nilikuwa nalo. Mkono ukawa mzito. Zuhura, binti wa mjomba, aliyetoka Pemba akaja kukaa kwetu Mabawa, akanyoosha wake.

"Mwalimu, hiyo uru," alisema.

Darasa likacheka, maana uru ni ya karata, si ya hisabati. Nami nikacheka, tena kwa nguvu. Yeye hakujali.

"Ulalo waikata pembe katikati. Thelathini na tano mara mbili, sabini. Inayoielekea nayo sabini. Jirani mbili hufanya mia na themanini, basi zilobaki ni mia na kumi kila moja."

"Utakwenda Maramba," mwalimu akasema.

Mwanangu, wivu ni pilipili jichoni: ukiufikicha ndio unazidi. Nyumbani nikaikuta rombasi aliyoitengeneza Zuhura kwa vijiti vya ufagio, kona kazifunga kwa uzi. Nikaibana kona moja kwa vidole, nia yangu ivunjike. Haikuvunjika. Ililala tu, kona ile ikawa nyembamba, na ile inayoielekea ikawa nyembamba vilevile.

Bibi alikuwa mlangoni, kashika sahani ya kashata.

"Wee Mwanaidi, vijiti vimekukosea nini?"

"Hakuna, Bibi." Lakini macho yake yakanitoa yote: Maramba, na jibu nililolijua nisinyooshe mkono.

"Hasidi hana sababu. Mwenzio walala naye kitanda kimoja, mwala sinia moja. Akirudi na sifa, watu watasema katoka nyumba ya nani? Na huo mkono hukuunyoosha, Zuhura ndiye aliyekushikia?"

Nikaiachia ile kona.

Baada ya alasiri Zuhura akarudi kutoka madrasa, akanisogelea na daftari. "Dada, hebu ntazamie. Pembe moja x, jirani yake x mbili. Mie hizi x zanchanganya."

"Zijumlishe. X tatu ni mia na themanini. Basi sitini, na mia na ishirini."

"Na zikielekeana, hata zikiwa na x?"

"Huwa sawa."

"Lo! Weye wayajua yote haya, na darasani wanyamaza kama mtungi?"

Tukacheka wote, safari hii si kwa ubaya.

Nilikuwa nikijiona mimi na Zuhura ni pembe jirani, yeye akipanuka mimi nafinywa. Kumbe tunaelekeana, ukimbana mwenzio umejibana. Mwanangu, ukilijua jibu, nyoosha mkono hata ukiwa mzito. Na mwenzio akikutangulia, msaidie afike. Wivu haujaniisha, sikudanganyi. Jumamosi nitakapomsindikiza stendi utaniwasha tena. Sitaufikicha.

Mungu akujaalie moyo mpana, akupe na wa kuelekeana naye. Amina.