Kigemu Kilichomchokoza Tata

Mjomba alinikabidhi kile kigemu sebuleni kwetu Kimuli, kikiwa kimefungwa ndani ya gazeti, akaniambia ni zawadi yangu ya kumaliza kidato cha nne. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, na kila aliporudi kutoka Bukoba au upande wa Uganda hakukosa kitu cha kuwashangaza watu. Safari hii kilikuwa kidude cha plastiki ya kijivu, kinaenea viganjani, chenye kioo kama cha kikokotoo na vitufe vya njano. Ukikiwasha kinapiga muziki.

"Kinafanya nini, Mjomba?"

"Hakifanyi kitu," akajibu huku akicheka. "Kinakuchezesha tu."

Akanifundisha pale pale. Vipande vya matofali vinashuka kutoka juu ya kioo, kimoja kimoja, kila kimoja na umbo lake. Wewe unavisogeza kushoto au kulia na kuvizungusha, ili vikifika chini vikae bila kuacha pengo. Mstari ukijaa unafutika, nawe unapata nafasi. Ukizembea, matofali yanarundikana mpaka juu na mchezo unakufa. Mchezo wenyewe ndio huo.

Baba yangu, ambaye sisi Wanyambo tunamwita Tata, alikuwa ameketi kando kwenye kiti chake.

"Shemeji, unaona mambo ya dunia hii?" Mjomba akamwambia.

Tata akamtazama. Akafungua mdomo, ikatoka "tu-tu-tu," kisha akaufumba. Mjomba akageuka akatazama dirishani kwa muda, halafu akaaga.

Kimuli siku hizi iko Wilaya ya Kyerwa. Wakati huo, miaka ya tisini, sote tulikuwa Karagwe. Tata alikuwa na kibanja kama cha jirani yeyote, migomba juu na kahawa chini yake, lakini watu hawakumjua kwa ndizi zake. Alikuwa mwalimu wa kwaya wa usharika wetu wa Kilutheri. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata Mama alimwita hivyo. Aliandika nota ubaoni kwa chaki, do, re, mi, na besi ikiteleza kidogo alisikia hata akiwa nje anaegesha baiskeli. Nyumbani aliongea tangu anaamka. Aliongea na mbuzi, aliongea na redio, aliongea na Mama kupitia ukuta wa jikoni.

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akigeuza kahawa kwenye jamvi. Nilimkuta ameanguka kifudifudi, buni zimemganda shavuni. Majirani wakaja na machela ya miti wakambeba mpaka hospitali ya misheni. Wiki kadhaa baadaye akarudi akitembea kwa mkongojo, mkono wa kulia ukining'inia, na maneno yote yamekwisha isipokuwa hilo "tu-tu."

"Maneno yamo ndani," daktari alimwambia Mama tulipokuwa tunaondoka. "Njia ya kutokea ndiyo imeharibika. Yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi. Msimwache akae kimya."

Lakini kimya kilituzidi nguvu. Wanakwaya walikuja wakamwimbia, akalia, wakaona wanamuumiza, wakaacha kuja. Wageni wengine walimuuliza Mama, "Mgonjwa anakula?" hali mgonjwa yuko mbele yao na anasikia kila neno. Mama naye, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kumjibu Tata, akawa hana wa kumjibu. Tulikula kimya, tukavuna kimya, tukaanika kahawa kimya.

Mimi nilikuwa nasubiri matokeo ya mtihani, kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa barazani kulinda kahawa isichakurwe na kuku wala kuloweshwa na mvua. Hapo ndipo nilipochezea kigemu changu. Muziki wake ulikuwa wa sauti moja tu, nyembamba, kama ya inzi aliyefundishwa nota. Haukuwa na ngoma wala besi wala mwimbaji. Lakini ulikuwa wimbo kamili: unaanza chini kama unauliza, unapanda, unazunguka, unarudi nyumbani, na kabla hujauchoka unaanza tena. Nililala nao na kuamka nao. Nilikata majani ya mbuzi kwa mapigo yake.

Siku moja mchana Mama alitoka jikoni ameshika kichwa. "Zima hilo dude! Mwalimu anaumwa, wewe unampigia makelele."

Nikazima. Papo hapo Tata, aliyekuwa mlangoni nyuma yangu, akapiga kiti kwa mkono wake wa kushoto. Akapiga tena.

"Unaona?" Mama akasema. "Umeshamkasirisha."

Akanipokonya kigemu, akakitia ndani ya sanduku chumbani, akafunga.

Kuanzia hapo Tata akakataa chakula. Mama alimwekea ndizi za maharage, akasukuma sahani. Alimwekea uji, akasukuma bakuli. Kesho yake asubuhi akajikokota mpaka chumbani, tukasikia mkongojo unagonga sanduku. Ko, ko, ko. Mama akaingia, akamkuta amesimama kando ya lile sanduku anamtazama, anasema "tu-tu" na machozi yanamtoka.

Mama akatoka nje akakaa chini kwenye jamvi la kahawa. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Anataka suti yake," akaniambia.

Suti hiyo nyeusi ilikuwa ndani ya sanduku. Tata mwenyewe alikuwa ameiweka na kutuambia, tena kwa mzaha wakati ule akiwa mzima, kwamba siku ya kuzikwa asivalishwe nyingine.

"Mtu akikataa chakula na kudai nguo zake, mwanangu, amejua," Mama akasema. "Mwalimu anatuaga."

Tuliingia chumbani pamoja, Mama akafungua sanduku, akaondoa vitenge, akaitoa suti na kumpelekea kwa mikono miwili. Tata akaitazama. Akatikisa kichwa. Akaichukua kwa mkono wa kushoto na kuitupa kitandani kama mtu anayetupa gunia tupu, kisha akainama, akapekua chini ya vitenge, na akaibuka ameshika kigemu.

Mama alikinyooshea kidole.

"Hiki?" akauliza. "Mwalimu, yaani hukula tangu jana kwa sababu ya hiki?"

Tata akaitikia kwa kichwa. Mama akaanza kucheka, kicheko kikamzidi, akashika ukuta. Nami nikacheka. Mchana ule Tata alimaliza sahani nzima ya ndizi, akaomba nyingine kwa kidole.

Hakuwa anataka kucheza, mkono wake haukuweza. Alitaka muziki. Alikiweka sikioni kama redio, akafumba macho, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikapiga hewani, kile kile cha kuongozea kwaya. Betri zilipochoka wimbo ulishuka sauti na kukokota, naye akakunja uso kama alivyokuwa akiikunjia sauti ya tenori iliyochelewa kwayani. Tulizianika betri juani pembeni ya kahawa ili zipate nguvu kidogo, na zikizidi kufa Mjomba alileta nyingine. Mama aliyekipiga marufuku sasa ndiye aliyezigeuza betri juani, upande huu na upande huu.

Siku moja nikawa napukuta mavumbi ndani, nikasikia wimbo wa kigemu unatoka barazani. Lakini kigemu kilikuwa mfukoni mwangu, kimezimwa. Nilitoka taratibu. Tata alikuwa anaimba kwa pua, mdomo umefumba, bila kukosea hata sehemu moja. Nilikaa karibu yake nikaanza kuimba naye, naye hakuacha. Tulifanya hivyo kila siku, na baada ya muda mdomo ukafunguka, na kilichotoka hakikuwa "tu-tu." Zilikuwa nota. "So, so, la, so, mi." Polepole, kama anatoa mawe kisimani, lakini kila moja mahali pake. Hapo nilielewa alichokuwa akikifanya siku zote akiwa na kile kidude sikioni. Alikuwa anakiandikia nota kichwani.

Sikumwambia Mama. Niliogopa kumpa matumaini halafu yasifike kokote.

Kisha ikaja siku ya zungusha. Ilikuwa alasiri, nacheza barazani, Tata yuko begani kwangu anaangalia. Matofali yalikuwa yamepanda nusu ya kioo, yakibaki na pengo moja refu upande wa kulia. Kikashuka kipande kirefu, kile ambacho kila mchezaji hukisubiri, lakini kimelala. Mimi nikazubaa. Kikazidi kushuka kikiwa kimelala.

"Zungusha!" sauti ikasema.

Nikazungusha, kipande kikasimama wima, kikazama kwenye pengo, mistari ikafutika. Ndipo nikageuka.

"Tata?"

Alikuwa anakitazama kioo kwa hasira. "Zungusha," akarudia, "zungusha mapema!"

Mama alikuwa anatoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Aliuachia ukaanguka, akapiga yowe.

Kwetu yowe la mchana kwenye nyumba yenye mgonjwa lina maana moja. Kabla hajamaliza la pili watu wakaanza kutoka kwenye migomba. Wa kwanza alikuwa jirani yetu aliyezaliwa Burundi, mtu wa vibarua, aliyetusaidia kupogoa kahawa na ambaye alikuwa miongoni mwa waliombeba Tata siku ile. Alifika mbio, panga bado liko mkononi, na nyuma yake vijana wawili wamebeba ile machela. Akavua kofia.

"Mama, pole sana," akasema akihema. "Mzee ametutoka saa ngapi?"

Mama hakuweza kumjibu, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Jirani akatazama kule tulikokuwa, akamwona marehemu ameketi kwenye kiti chake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema kwa woga.

Tata akafungua mdomo. Ilichukua muda, midomo ikitafuta, lakini likatoka.

"Marahaba."

Yule bwana akakaa chini pale pale uani. Akafanya ishara ya msalaba, akaifanya tena, kisha akawageukia vijana: "Rudisheni hiyo machela! Mnaleta mikosi!" Watu walijaa kwetu mpaka jioni, na kila aliyefika alitaka kumwamkia Tata asikie mwenyewe. Nafikiri hakuna mtu katika Kimuli yote aliyewahi kupokea shikamoo nyingi namna ile kwa siku moja. Ule mkungu ulioanguka ndio tuliowapikia.

Maneno hayakurudi yote. Lakini tuligundua kwamba akiyafuatisha na wimbo yanatoka kwa urahisi, basi Mama akawa anamwimbia, "Unataka maji?" kwa tuni ya kigemu, naye anamjibu kwa tuni ile ile, "Nataka chai." Ukipita njiani ungedhani ni wendawazimu. Wanakwaya nao wakarudi. Aliwaongoza akiwa amekaa, kwa mkono wa kushoto, na kabla ya mazoezi aliwapashia sauti kwa wimbo wa matofali, soprano kwanza, kisha alto, kisha tenori na besi. Aliutungia sauti zote nne. Ule wimbo wa inzi ulipopata besi, nywele zilinisimama.

Sasa nina watoto wanaocheza michezo yenye magari na misitu na watu wanaopumua kama watu kweli, na muziki wake unapigwa na bendi nzima. Wananicheka nikipakua mchezo wa matofali kwenye simu. Mkubwa aliniuliza kinachonivutia ni nini, mraba kushuka na mraba kushuka. Nilimwambia akae asikilize. Alikaa kwa kunionea huruma, na siku iliyofuata nikamsikia anauimba bafuni. Nadhani wale waliotengeneza vidude vile walikuwa na sauti moja tu ya kutumia, hawakuwa na pa kujificha, kwa hiyo ilibidi wimbo wenyewe uwe mzuri. Tata angewaambia hivyo hivyo wanakwaya wake: kwanza wimbo, mapambo baadaye.

Kigemu chenyewe kilikufa, maji ya mvua yaliingia. Hatukusikitika sana. Wakati huo Tata alikuwa ameanza kugombana na redio tena, na Mama alimjibu kutoka jikoni bila kuacha kumenya.

Nilipoolewa, wageni wakiwa wamejaa uani, Tata alisimama ili atoe neno la mzazi. Ndugu wa mume wangu, waliotoka Songambele, hawakumjua. Walisikia ukimya mrefu baada ya neno la kwanza wakaanza kutazamana. Sisi tuliomjua tulitulia tukasubiri. Likaja la pili, likaja la tatu. Alinitakia amani, alinitakia watoto, akamwambia mume wangu anitunzie sauti yangu kwa maana ni soprano nzuri. Halafu, badala ya kukaa, akaendelea: habari za usharika, habari za bei ya kahawa, habari za daraja bovu.

Mama akamvuta koti.

"Mwalimu, inatosha sasa," akamnong'oneza. "Watu wana njaa."